Tangi Lipige Hodi Mara Ngapi

Kabla redio hazijafungwa, kazi ya redio ilifanywa na Mama Bernadeta.

Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya mtaa, huko Kimara ndani, chini kidogo ya tangi la zege la jumuiya ya maji. Kisima na pampu vilikuwa bondeni, na msimamizi wake alikuwa Venance. Tangi likijaa, maji yalianza kumwagika kwenye bomba la ziada. Mama Bernadeta aliyasikia akiwa jikoni, akachukua simu.

"Venance, limejaa."

"Haya mama, nazima."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao tangu tangi lijengwe. Venance asipopokea, mama alipiga tena. Akikuta simu haipatikani, alimpigia muuza chipsi aliye jirani na pampu. Muuza chipsi naye asipopokea, alijifunga kanga ya pili, akateremka mpaka bondeni kwa miguu, akamkuta Venance amelala kwenye benchi, akasema limejaa. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Ilitokea tu kwamba alikuwa anaishi mahali ambapo maji yangefika kwanza.

Kisha mwenyekiti wa jumuiya, mzee Kamugisha, karani mstaafu wa bandarini, akasema ni lazima twende na wakati. Zikanunuliwa redio mbili za kupeleka taarifa. Moja ikafungwa juu ya tangi, ikaunganishwa na boya linaloelea. Nyingine ikafungwa kwenye kibanda cha pampu. Boya likipanda, redio ya juu inaiambia ya chini kwamba limejaa, na pampu inazima yenyewe. Fundi aliyezifunga alipata kazi Dodoma, akaondoka na namba yake ya simu. Kwenye mkutano ikatangazwa kwamba Mama Bernadeta sasa apumzike. Watu wakapiga makofi, kisha wakaendelea na ajenda ya taka.

Muda si mrefu, jioni moja ya siku ya kazi, Mama Bernadeta akatoka misa, akafungua mlango wa sebuleni, na makochi yake yakamjia yakielea.

Ndipo wakamtafuta Sekela.

Sekela alikuwa na banda la kutengeneza redio huko Keko, katikati ya mafundi seremala wawili ambao vumbi lao la mbao lilikuwa limeingia kwenye kila kompyuta aliyowahi kumiliki. Kazi zake nyingi zilikuwa Kurasini, kwenye yadi za makontena, ambako redio hufungwa ili zizungumze na hazizungumzi, kwa sababu kila asubuhi mtu amepanga makontena mapya katikati yake. Alizoea kuitwa na watu waliokasirika. Alichokuwa hajazoea ni kuitwa na kamati.

Alikwenda Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku wanakamati walikuwa na nafasi. Mzee Kamugisha alimpokea kituoni akiwa na suti ya kaki na kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mie."

Mzee alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mwingine anakuja. Alipoona hakuna, akamwongoza kupanda mlima.

Juu kwenye tangi, Mama Bernadeta alikuwa tayari amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sekela akamwamkia, akaunganisha kompyuta na redio, akasoma kwa muda. Kisha akasema, "Hii haina ugonjwa. Imefungwa na kuachwa kama ilivyotoka kiwandani. Inasema mara moja, basi. Haingoji kujibiwa."

"Kwani ilivyotoka kiwandani ni makosa?" akauliza mzee Kamugisha.

"Si makosa, mzee. Kuna watu wanapima joto la stoo kila baada ya sekunde chache. Taarifa moja ikipotea, nyingine hiyo hapo nyuma yake. Lakini tangi linajaa mara moja. Hii ikisema limejaa, na chini wasisikie, hairudii tena."

"Kumbe," Mama Bernadeta akasema. "Inasema halafu inakwenda zake."

"Ndiyo mama."

"Mie nilikuwaga nangoja anijibu."

"Ndicho nataka kuiwekea. Ya chini ikipokea, ijibu nimepokea. Ya juu isipojibiwa, irudie." Halafu Sekela akauliza swali ambalo baadaye alilijutia. Aliuliza kwa adabu tu, jinsi fundi anavyomuuliza mwenye nyumba swichi ikae wapi. "Mngependa irudie mara ngapi?"

Mzee Kamugisha akavua kofia.

"Hilo," akasema, "ni suala la mkutano."

Mkutano ulifanyika mchana uleule kwenye baa ya Apolinari, kwa sababu ilikuwa na viti. Sekela alikaa karibu na spika kubwa iliyofunikwa kitambaa, akisikiliza watu wazima wakijadili tangi lirudie neno mara ngapi kabla ya kunyamaza.

Mzee Mbwana, mtu wa Kilwa mwenye duka la misumari na saruji, alisimama wa kwanza. "Hodi ni tatu," akasema. "Ukibisha mara tatu hujaitikiwa, unageuka unarudi ulikotoka. Ya nne ni ugomvi."

"Tangi halibishi hodi," akasema mzee Kamugisha. "Tangi linatoa taarifa. Kule bandarini taarifa ilikuwa inarudiwa mpaka mhusika asaini."

"Na asiposaini?"

"Inarudiwa."

"Mpaka lini?"

"Wengine walistaafu," akakiri mzee Kamugisha.

Tekla, mwenye saluni, alitaka kujua kama redio ikirudiarudia haitaungua. Sekela akamwambia haitaungua, ila ikirudia bila kikomo itaziba njia, na taarifa nyingine hazitapita. Mtu wa nyuma akasema saba. Hakueleza kwa nini saba, wala hakuulizwa. Mwisho wakapiga kura, na hodi tatu zikashinda kwa mbali, maana hata waliokuwa upande wa mwenyekiti walikuwa wamelelewa na bibi zao.

Sekela alipaswa kufunga begi lake hapo. Lakini palikuwa na jambo lingine, na alilijua kuwa ndilo kubwa.

"Naomba niulize na hili. Pampu ikiwa inafanya kazi, na isisikie kitu chochote kutoka juu, si limejaa wala si halijajaa, kimya kabisa, ifanyeje? Iendelee kusukuma au izime?"

Hapa hapakuwa na mjadala. Baa nzima ilisema iendelee. Walikuwa ni watu waliowahi kuoga kwa kikombe. Walikuwa wamebeba madumu kutoka barabara kuu, na wenye bodaboda waliowabebea kwa pesa walikuwa wakicheka. Pampu inayozima kwa sababu haijasikia kitu ilikuwa kwao ni kama mpishi anayeepua ugali kwa sababu hajaitwa.

Mama Bernadeta alisimama. "Ikiendelea, inaendelea kuja kwangu."

"Mama, sasa hivi kuna hodi tatu," mzee Kamugisha akamwambia kwa upole.

"Nimesikia. Nauliza zikiisha."

"Haziwezi kupotea zote tatu."

Kila mtu akamgeukia Sekela. Sekela akasema, "Zinaweza. Ni nadra, lakini zinaweza. Mie ningeifanya izime."

"Tunashukuru kwa ushauri, fundi," akasema mzee Kamugisha. "Ila wewe unaishi Temeke."

Hilo lilikuwa kweli. Wakapiga kura. Upande wa kuzima kulikuwa na mkono mmoja, wa Mama Bernadeta. Mkono wa Venance nao ulianza kupanda, ukafika sikioni, akajikuna.

Sekela akaweka kama walivyoamua. Kisha wote wakaenda kushuhudia. Mtu alikaa juu analiinua boya kwa mkono, na bondeni pampu ilikuwa inazima papo hapo. Walirudia hadi watu wakaanza kuona kiu. Hodi ya kwanza peke yake ilitosha kila mara. Mzee Kamugisha alimpa Sekela mkono kwa mikono miwili.

Mama Bernadeta hakushuka kushuhudia. Alirudi kwake, akatandaza mito ya makochi juani, akaigeuza upande wa pili.

Jumatatu haikutokea kitu, kwa sababu hapakuwa na umeme.

Jumatano mzee Kamugisha alimpigia simu Sekela. Sauti yake ilikuwa ya kiofisi. "Fundi, zile hodi hazikusikika," akasema, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya mtu anayefagia maji.

Sekela alipanda Kimara kesho yake. Badala ya kuanzia kwa mwenyekiti, alianzia juu, kwa Mama Bernadeta. Alimkuta barazani anachambua mchele. Uwanja ulikuwa mkavu. Ubavuni mwa nyumba, kuanzia chini ya tangi, kulikuwa na mtaro mpya uliochimbwa vizuri, na kingo zake zilikuwa zimepigwa jembe zikakaa sawa.

"Shikamoo mama. Naona umechimba."

"Marahaba mwanangu. Nimeita mtu Jumatatu. Nimechimba kwenye eneo langu."

Sekela aliufuata mtaro kwa macho. Ulizunguka nyumba, ukatoka kwa mama, ukaelekea mahali ambapo mteremko ulielekea, na mteremko ulielekea kwa mzee Kamugisha.

"Na Jumanne uliyaona maji?"

"Niliyaona. Nilikuwa nimekaa hapa hapa." Mama alipuliza makapi. "Yalipita vizuri."

Sekela alikwenda kwenye tangi. Kumbukumbu ya redio ya juu ilikuwa haina utata: imetuma, haikujibiwa, imerudia, haikujibiwa, imerudia, haikujibiwa, imeacha. Ilikuwa imetekeleza azimio la mkutano neno kwa neno.

Akateremka kwenye kibanda cha pampu. Venance alisimama kumpisha kwenye benchi. Alikuwa mtu mrefu, wa Sumbawanga, na alikuwa na sura ya mtu aliyelaumiwa na wengi kwa siku mbili.

"Dada, mie niliona," akasema. "Niliona pampu inachelewa kuzima. Nikampigia mama kumuuliza kama limejaa."

"Akasemaje?"

"Hakupokea."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga tena. Nikapiga na ya tatu." Akatazama chini. "Halafu nikaacha. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Sekela akaunganisha kompyuta na redio ya chini, na hapo akakuta alichokuwa hakitarajii. Hodi zote tatu zilikuwa zimefika, zimevunjika. Kila taarifa inayotumwa hubeba mkiani jumla ya vilivyomo ndani yake. Anayepokea anajumlisha upya, na jumla zisipolingana anaitupa, maana hawezi kujua kilichoharibika ni kipi. Redio ya chini ilikuwa imepokea vipande, ikajumlisha, ikatupa, ikanyamaza. Ilikuwa sahihi nayo. Sekela alizifahamu kesi za namna hii: kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa na nyumba imejaa maji.

Kitu gani kilikuwa kinazivunja? Jumapili zilipita zote nzima. Alikaa kwenye benchi la Venance akitazama kwenye skrini mstari unaoonyesha kelele za hewani. Ulikuwa umelala chini, umetulia. Kisha ukaruka juu, ukabaki huko kwa muda, ukaanguka. Ukaruka tena. Na kila ulipokuwa juu, kutoka ng'ambo ya barabara ya vumbi, hatua chache kutoka kibandani, ilisikika sauti: krrrrrr.

"Pale kuna nini?"

"Pale kwa Brightson," akasema Venance. "Anachomelea mageti."

"Jumapili hakuwepo."

"Jumapili yuko kanisani mpaka jioni. Anapiga gitaa la besi."

Brightson alikuwa kijana mwenye miwani myeusi na ovaroli iliyotobolewa na cheche. Alipomwona mwanamke mwenye kompyuta akivuka barabara kumjia, alifikiri ni mtu wa umeme, akaweka chini koleo la kuchomelea kwa heshima.

"Karibu sista. Mita iko sawa kabisa."

"Sijaja kwa ishu ya mita. Naomba unichomelee kidogo."

"Nichomelee nini?"

"Chochote. Nikisema choma, choma. Nikisema acha, acha."

Brightson alikuwa amepata wateja wa kila aina. Akachukua kipande cha nondo na kingine. "Choma," akasema Sekela, na mstari ukaruka. "Acha," na mstari ukaanguka. "Choma." Venance, ng'ambo, alikuwa ameshika simu akizungumza na mtu wa juu aliyekuwa ameliinua boya, macho yake kwenye pampu. "Hazijafika!" akapaza sauti. "Acha." "Zimefika!"

Brightson alipandisha miwani kwenye paji la uso. Alitazama kibanda cha pampu, akatazama nondo yake, akatazama mlima.

"Kwa hiyo nikichoma," akasema polepole, "mwenyekiti anapata mafuriko?"

"Ukichoma wakati tangi limejaa, ndiyo."

"Na mie najuaje kama limejaa?"

"Hujui."

"Sasa sista, wataniondoa hapa. Wale kamati wataniondoa." Hofu yake ilikuwa ya kweli, na Sekela aliiona. Kijana alikuwa amelipanga eneo lile, ametoboa ukuta, ameweka bati. "Na grili za mtaa huu wote nimezifunga mie. Hata za mwenyekiti."

"Hawatakuondoa," akasema Sekela. Alipolisema, alikuwa hajui bado kama ni kweli.

Alirudi kwenye benchi, akafikiri. Sasa aliliona kosa, na halikuwa la Brightson wala la mzee Mbwana. Hodi tatu zilikuwa nyingi vya kutosha. Ila zilipigwa zote ndani ya pumzi moja. Redio ilikuwa haina subira; ilibisha, ikabisha, ikabisha, ikageuka ikaenda, kabla hata Brightson hajamaliza kuchomelea upande mmoja wa bawaba. Mtu mwenye akili, akikuta ndani mashine ya kusaga inanguruma, anangoja inyamaze ndipo abishe tena. Akaandika mipangilio mipya hapo hapo, bila kumuuliza mtu. Redio ibishe, ingoje kidogo. Isipojibiwa, ibishe, ingoje zaidi. Na vipindi vya kungoja visiwe vya urefu mmoja, visije vikalingana na mkono wa mchomeleaji. Na isiishie tatu. Iendelee, ila kwa nafasi, mpaka ijibiwe.

Jambo moja lilibaki ambalo hakutaka kuliweka kimyakimya, kwa sababu lilipigiwa kura. Akaenda kwa mzee Kamugisha.

Mzee alikuwa uani kwake amevaa mabuti ya mpira na ile ile suti ya kaki. Banda la kuku lilikuwa limelala ubavu. Kuku waliobaki walikuwa wamepanda juu ya paa la choo na hawakuonyesha nia ya kushuka.

"Pole sana mzee."

"Nimeshapoa. Nimesikia ni yule kijana wa mageti. Nimeitisha mkutano tumwondoe."

"Mkimwondoa yeye atakuja mwingine na mashine ya kukata vigae. Hewa ni ya watu wote, mzee. Hilo la kelele nimelimaliza, silileti kwenu. Nakuja na lile la kimya."

"Lilishaamuliwa."

"Ndiyo. Naomba mliamue tena." Hakupenda kubishana na watu wa umri wa baba yake. "Naweza kuifanya ile ya juu iseme kila mara, hata kama haina jipya. Nipo, sijajaa. Nipo, sijajaa. Pampu ikikosa kuisikia kwa muda fulani, izime. Mie nikiondoka hapa na mmeiacha iendelee, siku panya akikata waya huko juu, mtakuwa mnasukuma maji gizani. Na safari hii sitapanda tena huu mlima. Mtamtafuta mwingine."

Mzee Kamugisha alimtazama. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu amwambie kwamba hatarudi. Akatazama paa la choo.

"Kuna jambo nataka kumuuliza Mama Bernadeta kwanza," akasema. "Twende wote."

Walipanda. Mzee aliufuata mtaro kutoka mwisho wake kwenda mwanzo wake, akiukagua kimya, na alipofika barazani akasimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Mama, habari za hapa."

"Nzuri baba. Karibu."

"Kuku wangu wamekufa."

"Pole sana. Nimesikia. Ni hasara kubwa."

"Uliona maji?"

"Niliyaona tangu yanaanza."

"Na Venance alikupigia."

"Alipiga."

"Hukupokea. Wala hukunipigia mie."

Mama Bernadeta aliweka ungo pembeni. "Baba, tulikaa kikao. Mkapiga kura kwamba pakiwa kimya, maana yake maji yaendelee. Basi mie nikanyamaza."

Mzee Kamugisha alifikiri. Alikuwa ametumikia ofisi karibu maisha yake yote, na utaratibu ukimjia uso kwa uso alikuwa anautambua. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Tulikupumzisha bila kukuuliza," akasema.

"Mlinipigia makofi."

"Tulipiga."

"Halafu mkaenda kwenye taka." "Mie sikuwa nataka mshahara. Ningeulizwa tu, mama umechoka? Ningesema nimechoka. Magoti yananiuma. Ningesema hata asanteni. Lakini mtu anaondolewa kama balbu iliyoungua."

Sekela akatazama miguu yake. Alitamani angekuwa juu kwenye tangi, na nyaya zake.

"Nimekosa, mama," akasema mzee Kamugisha. Kisha, kwa kuwa hakujua kuomba radhi bila azimio, akaongeza, "Na nitalisema hilo mbele ya mkutano."

Alilisema. Baa ya Apolinari ilijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za kuku zilikuwa zimeenea. Alisimama na mabuti yake, akasema kamati ilimkosea Mama Bernadeta na pia ilikosea kuhusu kimya, akataka mikono. Mikono ilipanda. Mzee Mbwana alitaka tu ieleweke kwamba hodi bado ni tatu kwa binadamu. Ikaeleweka. Kuhusu Brightson hakuna aliyesema kitu, ila Tekla alimuuliza kama anaweza kumtengenezea mlango wa saluni.

Kesho yake asubuhi walifanya majaribio, na safari hii Sekela alitaka jaribio gumu. Brightson aliambiwa achomelee atakavyo. Akachomelea kwa furaha; hodi ya kwanza ikavunjika, ya pili ikavunjika, ya tatu ikavunjika, watu wakaanza kutazamana, ya nne ikapita wakati anabadilisha fimbo ya kuchomelea. Pampu ikazima.

Halafu likaja jaribio la kimya. Mama Bernadeta, aliyekubali baada ya kubembelezwa na Venance kwa simu, alikuwa juu. Kazi yake ilikuwa kuizima redio ya tangi kabisa. Akaizima. Bondeni wanakamati walisimama mbele ya pampu inayonguruma, wanangoja isisikie kitu. Ilikuwa ni kazi ngeni. Mtu alikohoa, akamwomba radhi mwenzake, kana kwamba pampu ingesikia kikohozi ikadhani ni taarifa. Mzee Kamugisha alitazama saa. Muuza chipsi akaacha kukatakata viazi.

Pampu ikazima.

Venance akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha. Kisha wote wakapiga.

"Mwambie mama aiwashe," akasema Sekela.

Venance akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Akamtazama Sekela. Sekela akamtazama mzee Kamugisha. Mzee akasema, "Endelea kupiga."

Mama alipokea ile ya nne. "Nilikuwa nateremka ngazi," akasema. "Nyie mnadhani ngazi ya tangi ni ya kukimbilia?"

Mvua za vuli zilikuja zikaondoka. Pampu ilizima yenyewe kwa kimya mara kadhaa. Mara ya kwanza watu walikaa bila maji tangu asubuhi, wakanung'unika, wakasema kumbe fundi wa Temeke alikuwa na lake. Venance alipanda mlimani akakuta kunguru ameangusha paneli ya sola iliyokuwa inalisha redio. Akairudisha, akaifunga kwa waya. Mama Bernadeta alimwita ndani akampa chai. Miaka yote walikuwa hawajawahi kukaa pamoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua aanze na nini, kwani tangi halikuwa limejaa. Mwisho Venance akauliza kuhusu magoti. Hapo wakaongea mpaka maji yalipoanza kupanda.

Haya Sekela aliambiwa na mama mwenyewe. Alikutana naye stendi ya Mbezi, asubuhi moja Sekela akiwa anakwenda Kibaha kufunga redio kwenye shamba la kuku. Mama Bernadeta alikuwa amekaa juu ya begi kubwa, amevaa kitenge kipya, na mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Mama! Safari?"

"Mbinga. Kwa dada yangu. Nakwenda kukaa mpaka nichoke." Akalisema kwa kulitazama neno lenyewe, kama nguo ambayo bado hajaamua kama inamkaa. "Tangu nijenge pale sijawahi kulala nje zaidi ya msiba."

"Safi sana. Na wao huko wako salama?"

"Wako salama. Tangu juzi nimewaaga, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza kitu."

"Ungependa wakupigie?"

"Hapana," akasema Mama Bernadeta. Akatoa simu kwenye mkoba, akaangalia kama ina chaji, akairudisha.

Kondakta akaita watu wa Songea. Sekela akambebea begi mpaka mlangoni, akamsaidia kupanda, akambishia dirisha. Mama akalifungua, akampitishia karanga za kuchemsha alizofunga kwenye mfuko, akamwambia ale, amekonda. Basi likaondoka kwa wakati, jambo lililowashangaza watu kadhaa waliokuwa bado wananunua soda.